Shajara ya mradi: moshi wa mboji ndani ya pipa la mvinyo mwekundu

11 Januari 2025: swali, chupa na gharama ya kuanzia

Wauzaji wa wiski niliowauliza hapa Glasgow wana jibu moja kuhusu wiski ya moshi iliyomaliziwa kwenye pipa la mvinyo: mvinyo unaulainisha moshi. Mimi sijaridhika na jibu hilo. Nataka tujue kwa pua na ndimi zetu kama pipa la mvinyo linaupunguza moshi, linauficha, au linaugeuza kuwa kitu kingine. Naandika kila hatua ili mtu aliye Nairobi, Arusha au Leicester aweze kuirudia kazi hii kwa chupa atakazozipata huko aliko.

Ulinganisho wa haki unataka chupa mbili zilizotoka kwenye mitambo ileile, tofauti yao iwe pipa. Tumechagua Ledaig, wiski ya moshi ya kiwanda cha Tobermory kisiwani Mull, pwani ya magharibi ya Uskoti. Kiwanda hicho alikianzisha John Sinclair mwaka 1798, na mpaka leo kinatoa wiski za aina mbili: isiyo na moshi inabeba jina la Tobermory, yenye moshi inaitwa Ledaig. Chupa yetu ya kwanza ni Ledaig ya miaka 10. Ya pili ni Ledaig Sinclair Series Rioja Cask Finish, ambayo baada ya kukomaa ilihamishiwa kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi mvinyo mwekundu wa Rioja, kaskazini mwa Uhispania. Zote mbili zina kilevi asilimia 46.3, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzichagua, maana kilevi kikitofautiana ulinganisho umeharibika kabla ya kuanza. Kasoro moja imebaki: ya Rioja haina umri kwenye lebo, kwa hiyo huenda ni changa kuliko mwenzake. Hilo hatuna dawa yake. Tulikumbuke mpaka mwisho.

Kwa anayeanza: singo molti ni wiski ya kimea cha shayiri tupu, kutoka kiwanda kimoja. Moshi hauingizwi kwenye pipa wala kwenye chupa. Unaingia mwanzo kabisa, kimea kikiwa bado kibichi, kinapokaushwa juu ya moto wa mboji, yaani ule udongo mweusi wa mimea iliyooza kwenye ardhi chepechepe kwa maelfu ya miaka, ukachimbwa na kuanikwa. Moshi huo una kemikali ziitwazo fenoli, nazo hung'ang'ania kwenye maganda ya shayiri. Ukisoma kwamba kimea cha Ledaig kina fenoli sehemu 30 hadi 40 kwa milioni, ujue hicho ni kipimo cha kimea. Sehemu kubwa hupotea wakati wa kuchachusha na kuvukiza, hivyo tarakimu hiyo haikuambii utaonja nini kwenye glasi.

Matumizi mpaka leo: Ledaig ya miaka 10 pauni 44, ya Rioja pauni 41, glasi nne za Glencairn pauni 28, sirinji na chupa ndogo za kuhifadhia pauni 9. Glasi hizo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba zinatoka kampuni ya East Kilbride, hapa jirani, lakini glasi yoyote ya mvinyo yenye mdomo uliobana inafaa.

Waonjaji ni wanne: mimi, shemeji yangu, rafiki muuguzi kutoka Kakamega, na jirani yetu Mskoti ambaye amekunywa wiski za visiwani tangu ujana. Dada yangu anatumia dawa zisizopatana na pombe, kwa hiyo yeye ndiye mtunza siri: anamimina, anaandika alama chini ya glasi na kukusanya majibu. Kila glasi ni mililita 15, na kuna ndoo ya kutemea.

25 Januari 2025: rangi yatuharibia kikao cha kwanza

Tulionja glasi zikiwa wazi, tukijua ipi ni ipi. Matokeo yote tumeyatupa.

Wiski ya Rioja ina wekundu wa shaba unaoonekana tangu ukiwa mlangoni. Kila mtu aliiandikia matunda mekundu: zambarau, zabibu, jamu. Ile ya miaka 10, yenye rangi ya majani makavu, ikaandikiwa ndimu, mwani na dawa ya vidonda. Dada alipozisoma karatasi nne aligundua kwamba maneno yalikuwa yakifuata rangi. Jambo hili lina utafiti wake. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha kazi waliyoifanya na wanafunzi 54 wa Chuo Kikuu cha Bordeaux. Waliutia mvinyo mweupe rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kama wasomi wa mvinyo walichukuliwa na rangi, sisi tungepona vipi?

Tiba ilikuwa rahisi. Kila glasi sasa inazungushiwa karatasi ya foili kuanzia kitako hadi karibu na mdomo, na juu inafunikwa kwa kisahani cha kikombe. Taa ya meza tumeizima, tunatumia ya ukutani tu. Foili pauni 2.

15 Februari 2025: hewa, sabuni na mpangilio wa glasi

Kikao hiki kilikuwa cha kutengeneza mazingira, na yaliyotokea yananipa sababu ya kuyaandika kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo yatakayomkwamisha yeyote atakayeturudia.

Kwanza, hewa. Mchana nyumba ilikuwa imefukizwa udi, na pilau ilikuwa jikoni. Pua zetu zilishajaa moshi mtamu kabla ya glasi ya kwanza, na Ledaig zote mbili zikanuka kama maji ya mkaa. Tuliahirisha, tukafungua madirisha usiku kucha. Tangu hapo tunaonja asubuhi, saa nne, kabla ya chakula cha mchana. Hakuna udi, hakuna manukato mwilini, hakuna kahawa saa nzima kabla.

Pili, glasi. Zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni ya vyombo yenye harufu ya limau, na wawili wetu wakaandika "limau" kwenye kila glasi, hata kwenye glasi ya maji ambayo dada aliichomeka kimya kimya ili kutupima. Sasa tunaosha kwa maji ya moto matupu na kuzianika wima kwenye hewa. Ukizigeuza juu ya kitambaa cha jikoni, harufu ya kitambaa inapanda ndani.

Tatu, mpangilio. Ukianza na ya Rioja kisha ukaenda kwenye ya miaka 10, ya pili inaonekana nyembamba na chungu. Ukizigeuza, ya Rioja inaonekana tamu kuliko ilivyo. Moshi nao huchosha pua upesi, na baada ya glasi nne unaandika ukumbusho tu. Kwa hiyo tumeweka mtindo wa glasi tatu: mbili zina wiski moja, ya tatu ni tofauti, na kazi yako ni kumtaja mgeni. Kubahatisha kunakupa nafasi moja kati ya tatu. Dada anabadilisha mpangilio kwa kila mtu. Baada ya raundi mbili kikao kimekwisha, hata kama hamu bado ipo.

8 Machi 2025: pua inashindwa, ufizi unajua

Hapa ndipo mradi ulipoanza kulipa.

Tuliigawa kazi. Raundi ya kwanza kunusa tu, ni marufuku kuonja. Raundi ya pili kuonja huku pua imebanwa kwa vidole mpaka umeze, kisha unaiachia. Kwa kunusa, hatukumtambua mgeni kwa uhakika. Muuguzi wetu alipatia, akakosea, akapatia tena. Jirani, mwenye uzoefu kuliko sote, alikosea na kuapa kwamba amepatia. Moshi ulikuwa uleule kwenye glasi zote: mwani uliotupwa ufukweni, bandeji mpya, pilipili manga, na kwa mbali zizi la ng'ombe. Kama mvinyo ungekuwa unaupunguza moshi, hapa ndipo tungeona. Hatukuona.

Kwa kuonja, pua ikiwa imebanwa, wote wanne tulimtaja mgeni. Kilichomfichua ni ukakasi. Wiski ya Rioja inakamata ufizi na pembeni mwa ulimi, kama umekula zambarau ambazo hazijaiva vizuri, na hali hiyo inakaa mdomoni hata baada ya kumeza. Ya miaka 10 inateleza, inaacha chumvi na mafuta, inaondoka.

Sababu yake ni tanini, zile kemikali za mimea zinazoleta ukakasi. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na tanini za maganda huingia kwenye mvinyo, kisha pamoja na mvinyo huzama ndani ya mbao. Pipa la Rioja la kawaida ni la lita 225, na kwa desturi ya huko limetumia sana mwaloni wa Marekani, unaotoa vanila na utamu wa nazi. Mvinyo wa daraja la crianza lazima ukae kwenye pipa mwaka mmoja kwa uchache, wa gran reserva miaka miwili. Pipa likimwagwa, mbao zinabaki zimelowa. Wiski inapoingia na kilevi chake kikali, inayayeyusha yaliyomo na kuyatoa.

Tulipoachia pua baada ya kumeza, lilitokea jambo ambalo sikulitegemea. Moshi wa ya Rioja ulirudi na nguvu kuliko ulivyoingia, tena ukiwa mkavu zaidi, wa majivu na masizi. Nadhani naelewa kwa nini. Tanini hukausha mdomo, mate hupoteza utelezi wake, hakuna kinachousafisha moshi haraka. Kwenye ya miaka 10 moshi uko mbele, unakupokea mlangoni kisha unafifia. Kwenye ya Rioja unachelewa na kukaa. Anayesema mvinyo unalainisha moshi huenda alimeza na kuendelea kuongea. Ningemwomba anyamaze kwa dakika moja.

29 Machi 2025: jaribio la kumimina mvinyo

Shemeji aliuliza swali zuri: kama kinachofanya kazi ni mvinyo uliobaki kwenye mbao, kwa nini tusitie mvinyo wenyewe kwenye ile ya miaka 10? Tulinunua Rioja ya crianza kwa pauni 9, tukatayarisha chupa tatu ndogo, mililita 50 za wiski kila moja, tukatia mililita 1, 2 na 5 za mvinyo.

Limeshindikana kwa namna zote tatu. Mililita 1 ilibadili rangi tu. Mililita 2 ilileta ugwadu ambao haumo kwenye wiski ya Rioja hata kidogo. Mililita 5 ilikuwa mbaya: moshi uligeuka kuwa harufu ya kisahani cha majivu ya sigara, na wiski ikapoa na kulegea kwa sababu kilevi kilishuka.

Kwa hiyo pipa si chombo cha kuchanganyia tu. Mvinyo uliozama kwenye mbao umeshakutana na hewa kwa miaka, na wiski nayo inachota mambo ya mbao zenyewe. Hapa pana kitu ambacho wengi hawakijui: gwayakoli, mojawapo ya kemikali zinazonukia moshi, hutokana na lignini, kitu kinachoupa mti ugumu, ikiungua, na lignini imo kwenye mboji na imo kwenye mwaloni vilevile. Pipa lililochomwa ndani lina moshi wake. Hayati Jim Swan, mkemia Mskoti aliyefariki 2017, alijulikana kwa mtindo wa kuyakwangua mapipa ya mvinyo, kuyabanika na kuyachoma upya kabla ya kutia wiski. Kukwangua kunaondoa mvinyo wa juu uliochacha, moto unafungua mbao safi. Huo ugwadu tuliouonja ndio aliokuwa akiuondoa.

(Kisheria pia mchanganyiko wetu si wiski ya Uskoti tena. Kanuni za 2009 zinaruhusu maji na rangi ya karameli tu kuongezwa, na zinataka miaka isiyopungua mitatu ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700.)

Tulijaribu pia vipande vya mwaloni vya pauni 6, tukavilowesha kwenye mvinyo uliobaki na kuvitia kwenye wiski. Wiki ya kwanza hakuna kitu, wiki ya pili maji ya ubao. Nimevimwaga. Usipoteze pesa hapo.

3 Mei 2025: chupa inabadilika, na joto la Mombasa

Mambo mawili.

La kwanza: chupa ya Rioja tuliyoifungua Januari haikuwa ileile mwezi Aprili. Siku za mwanzo ilikuwa na harufu ya kijiti cha kiberiti kilichowashwa, na wawili wetu waliihesabu kuwa sehemu ya moshi. Mapipa matupu ya mvinyo hufukizwa kwa salfa ili yasiote ukungu, na nadhani ndiko ilikotoka. Chupa ilipokaa nusu tupu kwa wiki kadhaa, harufu hiyo iliondoka na zabibu zikajitokeza. Ina maana vikao vya mwanzo na vya baadaye havilinganishwi moja kwa moja. Tumenunua chupa nyingine ya kila aina, tukazifungua siku moja na kuzigawa kwenye chupa ndogo zilizojazwa hadi shingoni. Hii ndiyo gharama iliyotuuma, pauni 85 kwa mpigo. Ukianza mradi huu, gawa tangu siku ya kwanza.

La pili: Pasaka shemeji alikwenda Mombasa na chupa mbili ndogo. Kipimajoto cha sebule kilionyesha nyuzi 31. Alinusa, kilevi kikamchoma pua, moshi hakuupata kabisa, na ya Rioja ikawa kama dawa ya kikohozi. Aliziweka chupa kwenye friji kwa robo saa, akamimina, akafunika, akasubiri dakika tano. Hapo aliupata ukakasi na yale majivu ya mwisho kama tulivyoyapata hapa. Kwa walio pwani, lengo ni wiski yenye nyuzi 18 hadi 20 hivi. Barafu usitie, inaganzisha ulimi na kuongeza maji usiyoyapima.

14 Juni 2025: maji

Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli hukaa karibu na uso wa kinywaji kilevi kikiwa asilimia 45 au chini, na huzama ndani kikizidi 59. Ledaig ya 46.3 iko ukingoni, kwa hiyo tulishusha hadi 40: mililita 2.4 za maji kwa kila mililita 15 za wiski, kwa sirinji.

Ya miaka 10 ilifunguka. Moshi ulipanda puani, na nyuma yake pea na kimea kitamu. Ya Rioja iliharibika. Utamu ulikonda lakini ukakasi haukupungua, ukabaki mdomoni peke yake bila kitu cha kuushika. Tulirudia kwa mililita 1 tu ya maji, na hapo ilikuwa nzuri kuliko bila maji. Kanuni tunayoifuata sasa kwa wiski ya pipa la mvinyo ni tone kwa tone, na kunusa kila baada ya tone.

28 Juni 2025: jozi ya pili na hukumu

Ili tusiseme mambo ya kiwanda kimoja tukayaita sheria, tulitafuta jozi nyingine: Longrow na Longrow Red, wiski za moshi za kiwanda cha Springbank, mjini Campbeltown, Uskoti. Longrow Red hutoka kwa toleo, kila toleo na mvinyo wake mwekundu. Yamewahi kutumika mapipa ya Malbec ya Afrika Kusini. Hatukununua chupa nzima. Sampuli za mililita 30 zilitugharimu pauni 8 na 13 kila moja, mbili za kila aina. Longrow ya kawaida ina asilimia 46, Red huzidi 50, kwa hiyo ile kali ilibidi ishushwe kwanza. Hesabu yake: gawa kilevi ulichonacho kwa unachokitaka, toa moja, zidisha kwa mililita zako. Kwa mfano, mililita 20 za asilimia 52 kuzishusha hadi 46 zinataka maji mililita 2.6.

Mambo yalijirudia kwa sehemu. Ukakasi ulimfichua mgeni tena, na moshi ukachelewa kuondoka. Lakini safari hii hata pua ilitambua, kwa kuwa Longrow Red ilikuwa na harufu nzito ya matunda ambayo Ledaig ya Rioja haina. Pipa lililofanya kazi zaidi, au kwa muda mrefu zaidi, linafika mpaka puani. Jirani aliiona kuwa imezidi. Mimi niliipenda.

Jibu letu kwa swali la Januari: kwenye jozi zote mbili, mvinyo mwekundu haukuupunguza moshi. Uliuchelewesha hadi mwisho wa kumeza, ukaukausha. Sheri tamu (mvinyo wa Uhispania ulioongezewa kilevi) kama Pedro Ximénez, ambayo mapipa yake hutumika kumalizia wiski ya moshi iitwayo Lagavulin Distillers Edition, ni habari nyingine, kwa sababu pale ni sukari na zabibu kavu, tanini kidogo. Anayezungumzia mapipa ya mvinyo kwa jumla anachanganya vitu viwili.

Jumla ya matumizi ni pauni 266, na pauni 85 kati ya hizo zingebaki mfukoni kama tungegawa chupa mapema. Kwa mwenye fedha za chupa moja, anunue Ledaig ya miaka 10 kwanza. Bila kuijua hiyo, ya Rioja itamwonyesha ukakasi na asijue umetoka wapi. Mwenye fedha za sampuli tu anunue mbili mbili, azifungue siku moja, afunike glasi, na apate mtu wa kumtunzia siri.